Udongo wa Mbuga na Plastiki: Kazi ya Matabaka Yenye Unene wa Nanomita Moja

Tambarare inayoanzia chini ya milima ya Ukaguru na Rubeho, ikapita Kilosa na Mabwerebwere mkoani Morogoro, Tanzania, hadi kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ina aina mbili za udongo ambazo wakulima wa huko huzitofautisha kwa macho: udongo mwekundu wa miinuko, unaopitisha maji upesi na kulimika kwa urahisi, na udongo mweusi wa mbuga, ulioenea zaidi katika uwanda wa Mkata, ambao wakati wa masika hunasa matairi na kung'ang'ania jembe, na wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa zinazoweza kupita nusu mita kwa kina. Udongo huu wa pili una sifa mbaya kwa wajenzi, kwa kuwa huinua sakafu, hupasua kuta na huikunja lami, na njia za ndani ya hifadhi zinazopita juu yake huwa hazipitiki mvua inapokolea. Hata hivyo, madini yanayosababisha taabu hiyo yote ni ya jamii ileile ambayo, tangu miaka ya 1980, imekuwa ikisafishwa, kutiwa kemikali na kuchanganywa katika plastiki ili kuifanya iwe ngumu zaidi, ivumilie joto na izuie gesi kupenya. Tabia inayoudhi barabarani na tabia inayotafutwa kiwandani zina chanzo kimoja, nacho ni namna matabaka ya madini hayo yalivyoshikana kwa ulegevu.

Kwamba udongo mweusi hukaa bondeni na mwekundu hukaa juu si jambo la kubahatisha. Mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani milimani Usambara, alieleza katika miaka ya 1930 kuwa udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio unaojirudia kutoka kilimani hadi bondeni, na kwamba mpangilio huo hutokana na mwendo wa maji. Kule juu mvua huosha silika, kalsiamu na magnesiamu, ikaacha madini ya chuma yenye wekundu pamoja na kaolini. Kule chini maji hutuama, vitu vilivyooshwa hujikusanya, na kwa kupokezana kwa majira ya mvua na ya ukame hujengeka madini ya jamii ya smektaiti, ambayo mwanachama wake mashuhuri ni montimorilonaiti, iliyopewa jina la mji wa Montmorillon nchini Ufaransa katika karne ya 19. Uwanda wa Mkata, unaopokea maji ya milima ya jirani na kuyaelekeza katika mto Wami, una hali zote zinazohitajika ili madini hayo yajengeke.

Chembe ya montimorilonaiti ni rundo la vibamba vyembamba mno. Kila kibamba kimeundwa kwa shuka tatu zilizoungana kwa nguvu: mbili za nje zimetokana na silikoni na oksijeni, na ya katikati imetokana na alumini na oksijeni, na unene wa zote tatu kwa pamoja ni takriban nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, ilhali upana wa kibamba huweza kufikia mamia ya nanomita. Katika shuka ya katikati baadhi ya nafasi za alumini hushikwa na magnesiamu, ambayo ina chaji chanya pungufu, kwa hiyo kibamba kizima hubaki na chaji hasi kidogo. Upungufu huo hufidiwa na ayoni, yaani atomi zenye chaji, za sodiamu au kalsiamu zinazojipanga katika nafasi kati ya kibamba na kibamba. Ayoni hizi hazijafungwa kwa uthabiti. Huvuta maji, na maji yakiingia husukuma vibamba viachane, ndipo udongo unapovimba. Maji yakiondoka vibamba hurudi kukaribiana, na mbuga hupasuka.

Kwa kuwa ayoni hizo zimeshikiliwa kwa ulegevu, zinaweza pia kubadilishwa na nyingine. Wahandisi wa barabara huitumia sifa hiyo wanapochanganya chokaa katika udongo wa mbuga kabla ya kujenga tabaka za juu: kalsiamu ya chokaa huchukua nafasi ya ayoni nyingine, uvimbaji hupungua, na baadaye mwitiko wa polepole kati ya chokaa na silika huugandisha udongo. Mkemia wa plastiki huanza kwa hatua hiyohiyo ya kubadilishana ayoni, ila lengo lake ni kinyume kabisa, kwa sababu mhandisi anataka vibamba vitulie pamoja na mkemia anataka vitengane visirudiane tena.

Kutia unga wa madini katika plastiki ni desturi ya zamani. Viti vya plastiki, mabomba na sehemu nyingi za magari huwa na kalsiamu kaboneti au talki, na vitu hivyo vinavyoongezwa ili kupunguza gharama au kubadilisha tabia huitwa vijazio. Kijazio cha kawaida huhitajika kwa wingi, mara nyingi asilimia 20 hadi 40 ya uzito, na matokeo yake ni plastiki ngumu lakini nzito, isiyopitisha mwanga na inayovunjika kwa urahisi. Kijazio cha nano ni kile ambacho angalau kipimo kimoja cha chembe zake kiko chini ya nanomita 100, na kwa upande wa montimorilonaiti kipimo hicho ni unene wa kibamba. Vibamba vikitengana, gramu moja ya madini hufunua eneo la takriban mita za mraba 750, kiasi kwamba eneo la gramu kumi tu ni kama la uwanja mzima wa mpira wa miguu. Katika eneo hilo lote minyororo ya plastiki, yaani molekuli zake ndefu, hugusana na kitu kigumu kisichokunjika kwa urahisi, na mwendo wa minyororo hiyo huzuiliwa. Kwa sababu hiyo asilimia tatu hadi tano ya kijazio cha nano inaweza kufanya kazi ambayo kijazio cha kawaida huifanya kwa kiasi kilicho mara kadhaa.

Kikwazo ni kwamba udongo hupenda maji na plastiki nyingi huyakataa, hivyo unga wa mbuga ukimwagwa ndani ya plastiki iliyoyeyuka hubaki katika mafungu yake na kuwa takataka tu. Ili kuyapatanisha mawili hayo, sodiamu iliyo kati ya vibamba hubadilishwa kwa chumvi za amoniamu zenye mkia mrefu wa atomi za kaboni, kwa kawaida kati ya 12 na 18. Kichwa cha molekuli hizo kina chaji chanya na hushikamana na kibamba, na mkia wake wenye asili ya mafuta hugeukia plastiki. Nafasi baina ya vibamba hupanuka, kutoka umbali wa nanomita 1.2 hivi hadi mbili, tatu au zaidi, ikipimwa kutoka kibamba hadi kibamba, na uso wa madini unaanza kupokea vitu ambavyo awali ungevikataa.

Ushahidi uliowashawishi watu wa viwandani ulitoka Japani. Katika maabara kuu ya utafiti ya Toyota iliyoko Nagakute, watafiti wakiwemo Okada, Usuki, Kawasumi na Kojima walitumia asidi amino yenye kaboni 12 kuandaa montimorilonaiti, kisha wakaiingiza kaprolaktamu, ambayo ndiyo malighafi ya nailoni 6, katikati ya vibamba. Kaprolaktamu ilipopashwa joto iligeuka kuwa minyororo ya nailoni ikiwa palepale ndani ya nafasi hizo, na minyororo ilivyorefuka ndivyo ilivyosukuma vibamba mpaka vikatawanyika kimoja kimoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kwamba kwa chini ya asilimia tano ya udongo nguvu ya kuvutwa, yaani uwezo wa kuhimili mvuto kabla ya kukatika, ilipanda kwa takriban asilimia 40, ukakamavu ukapanda kwa zaidi ya nusu, na halijoto ambayo nailoni huanza kupinda chini ya mzigo ikaruka kutoka nyuzi 65 za Selsiasi hadi kufikia karibu 150. Badiliko hili la mwisho ndilo lililokuwa na uzito zaidi, kwa kuwa liliifungulia nailoni njia ya kuingia karibu na injini. Moja ya bidhaa za kwanza ilikuwa kifuniko cha mkanda wa injini katika gari la Toyota.

Njia ya Toyota ilihitaji plastiki itengenezwe upya pamoja na udongo, jambo ambalo kiwanda cha kawaida cha plastiki, kinachonunua chembe zilizo tayari na kuziyeyusha, hakiwezi kulifanya. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, wakiongozwa na Emmanuel Giannelis, walionyesha kwamba minyororo ya plastiki iliyokwisha kutengenezwa inaweza kujipenyeza yenyewe kati ya vibamba vilivyoandaliwa, ilimradi mchanganyiko upashwe joto hadi plastiki ilegee, bila kiyeyushi chochote. Tangu hapo mashine za kawaida za kuyeyushia na kusukumia plastiki ziliweza kutumika. Kwa polietilini na polipropilini, ambazo ndizo plastiki za ndoo, matangi, magunia na mifuko, tatizo lilibaki pale pale, kwa sababu minyororo yake haina sehemu yenye chaji ya kushika udongo. Hapo huongezwa kiasi kidogo cha plastiki ya aina hiyohiyo iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, ambayo hufanya kazi ya mshenga baina ya pande mbili zisizojuana.

Ni vyema kutofautisha hali tatu zinazoweza kupatikana, maana maandiko ya kibiashara hupenda kuzichanganya. Katika hali ya kwanza vibamba hubaki katika mafungu na plastiki haiingii kabisa, hivyo kijazio kinaitwa cha nano kwa jina tu. Katika hali ya pili minyororo huingia na kuyapanua mafungu, lakini vibamba hubaki vimepangana. Katika ya tatu vibamba hutengana kabisa na kutawanyika. Kipimo cha kawaida ni miali ya eksirei, ambayo hurudi na kilele katika pembe inayotegemea umbali kati ya kibamba na kibamba. Kilele kikisogea kwenye pembe ndogo zaidi, umbali umeongezeka, na kikitoweka, huenda vibamba vimetengana. Neno "huenda" lina uzito wake hapo, kwa sababu kilele hutoweka pia pale vibamba vinapovurugika bila kutengana, au udongo unapokuwa kidogo mno, na mtafiti mwangalifu hatangazi mtengano kamili kabla ya kuangalia kwa darubini ya elektroni.

Umuhimu wa mtengano huonekana wazi zaidi katika uzuiaji wa gesi. Molekuli ya oksijeni hupenya katika plastiki kwa kupita kati ya minyororo, lakini haiwezi kupita ndani ya kibamba, hivyo hulazimika kukizunguka, na vibamba vikilala sambamba na uso wa plastiki safari yake hurefuka sana. Mwaka 1967 mtafiti Nielsen alitoa kanuni rahisi ya kukadiria athari hiyo: upenyezaji wa plastiki yenye kijazio, ukilinganishwa na wa plastiki tupu, ni sawa na sehemu ya ujazo iliyobaki kuwa plastiki, kugawanywa kwa moja jumlisha nusu ya uwiano wa upana na unene wa kibamba ikizidishwa kwa sehemu ya ujazo ya kijazio. Asilimia tano ya montimorilonaiti kwa uzito katika polietilini ni kama asilimia mbili kwa ujazo, kwa kuwa madini ni mazito kuliko plastiki. Vibamba vikiwa vimetengana, na upana wa kila kimoja ukiwa mara 100 ya unene wake, kanuni hiyo inatoa 0.98 kugawanywa kwa 2, yaani upenyezaji unashuka hadi chini kidogo ya nusu. Vikibaki katika mafungu manene, ambayo uwiano wake ni 10 tu, upenyezaji unabaki takriban asilimia 89. Udongo ni uleule na uzito ni uleule. Kilichobadilika ni mtengano peke yake.

Hesabu hiyo ina maana kwa mkulima wa mahindi wa Kilosa kwa njia isiyohitaji maabara. Mifuko ya kuhifadhia nafaka bila dawa, inayojulikana nchini kama mifuko ya PICS au ya kinga njaa, ina mifuko miwili ya ndani ya polietilini yenye unene wa mikroni 80 hivi kila mmoja, na gunia la nje la polipropilini iliyofumwa. Wadudu waliofungiwa humo huitumia oksijeni iliyopo, na kwa kuwa nyingine huingia polepole mno, huacha kula na kuzaana na hatimaye hufa. Kizuizi hicho hutokana na unene wa plastiki, na unene ndio gharama. Plastiki yenye vibamba vilivyotengana ingeweza, kwa mujibu wa kanuni ya Nielsen, kutoa kizuizi kilekile kwa unene wa nusu, ijapokuwa mfuko mwembamba hutobolewa kirahisi zaidi na punje au dumuzi, kwa hiyo si busara kuupunguza unene kwa kiasi chote kinachoruhusiwa na hesabu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na vifungashio vya kilimo ni miongoni mwa vilivyoachwa nje ya katazo hilo. Ifahamike tu kwamba kutia udongo katika polietilini hakuifanyi ioze.

Kuhusu moto, vibamba husaidia kwa namna yake. Plastiki inapoungua juu juu, udongo hukusanyika pamoja na masizi na kufanya gamba linalozuia joto kushuka na gesi zinazowaka kupanda, hivyo kilele cha joto linalotolewa huweza kushuka kwa nusu au zaidi. Jumla ya joto haipungui sana, na muda wa kuanza kuwaka haurefuki. Ndiyo sababu udongo hutumiwa pamoja na dawa nyingine za kuzuia moto.

Sifa hizi zote zina bei yake. Plastiki yenye vibamba kwa kawaida hurefuka kidogo kabla ya kukatika, na katika aina kadhaa hustahimili pigo kwa kiwango cha chini kuliko plastiki tupu. Nailoni yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo bado ina nguvu kuliko nailoni ya Toyota, hivyo wale waliotabiri katika miaka ya 1990 kwamba udongo ungeziondoa nyuzi hizo sokoni walitia chumvi. Mahali palipofaa ni pale wepesi na uso laini vilipohitajika pamoja, kama katika ngazi ya kukanyagia ya magari ya GMC Safari na Chevrolet Astro, ambayo General Motors ilianza kuitengeneza kwa mchanganyiko wa aina hii kwa magari ya mwaka 2002. Aidha, chumvi za amoniamu zilizotajwa huanza kuvunjika zinapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, halijoto ambayo plastiki nyingi huyeyushwa, na mabaki yake huichafua rangi na kuidhoofisha plastiki yenyewe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini isitumike mika, ambayo ilichimbwa katika milima ya Uluguru tangu zama za Wajerumani na ambayo matabaka yake huchunwa kwa ukucha. Kibamba cha mika kinafanana sana na cha montimorilonaiti, lakini chaji yake hasi ni kubwa zaidi na hufidiwa na potasiamu, inayokaa sawasawa katika vishimo vya shuka za nje na kufunga kibamba kwa kibamba. Maji hayaingii, ayoni hazibadilishiki kwa urahisi, na kile kinachochunwa kwa ukucha bado ni maelfu ya vibamba vilivyoshikana. Kaolini ya Pugu, wilayani Kisarawe, ina kasoro nyingine: haina chaji ya kutosha, na vibamba vyake vya shuka mbilimbili hushikamana kwa vifungo vya hidrojeni. Zote mbili ni vijazio vizuri vya kawaida, na mika hasa inasifika katika vihami vya umeme. Grafaiti ya Mahenge, katika mkoa huohuo wa Morogoro, ni habari tofauti, kwa kuwa matabaka yake ni ya kaboni tupu yaliyoachana kwa nanomita 0.335, na yakichanuliwa kwa asidi na joto kali na kutiwa katika plastiki huipa uwezo wa kupitisha umeme, jambo ambalo udongo hauwezi. Kati ya madini yote hayo ni smektaiti pekee iliyo na chaji ya wastani, ya kutosha kushika ayoni lakini isiyotosha kuzifungia.

Hata hivyo, udongo wa Mkata haupaswi kuchukuliwa kuwa malighafi iliyo tayari. Montimorilonaiti inayouzwa kwa viwanda vya plastiki hutokana na bentonaiti, mwamba uliotokana na majivu ya volkano ambao sehemu yake kubwa ni madini hayo, ilhali udongo wa mbuga, hata ukiwa na mfinyanzi mwingi, una pia mchanga wa kwatzi, kaolini, mabaki ya mimea na oksidi za chuma. Kazi ya kwanza ni kuukoroga ndani ya maji na kuuacha utuame, ili chembe nene zishuke na zile ndogo kuliko mikroni mbili zibaki zikielea. Kisha ni kuondoa mabaki ya mimea na chuma kwa kemikali, kubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, na kupima ni ayoni kiasi gani gramu 100 zinaweza kubadilishana. Bentonaiti nzuri hutoa takriban miliekwivalenti 80 hadi 120. Vipimo vya namna hii ni vya kawaida katika maabara za udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro mjini.

Katika usafishaji huo wote chuma ndicho kinachostahili hofu kubwa zaidi. Atomi za chuma zilizobaki katika vibamba huchochea mwitiko kati ya plastiki, oksijeni na miali ya urujuanimno, na polipropilini au polietilini yenye udongo huzeeka juani haraka kuliko isiyo na udongo, ikapauka na kupasukapasuka usoni, hasa kwa kuwa udongo hunyonya pia sehemu ya dawa za kuzuia jua zinazowekwa ili kuilinda. Katika nchi zenye baridi kasoro hii huweza kuvumiliwa kwa bidhaa nyingi. Kilosa, ambako tangi la maji hukaa juu ya mnara mwaka mzima likipigwa na jua la digrii saba kusini mwa ikweta, haivumiliki. Kwa hiyo bidhaa za kuanzia ni zile zinazokaa gizani: mfuko wa ndani wa kuhifadhia mahindi, ambao unafunikwa na gunia na kuwekwa ghalani, utando wa kufungashia vyakula na dawa, na vifuniko vya sehemu za injini. Matangi, mapaa na mabomba ya juu ya ardhi yangesubiri udongo uliopunguzwa chuma na dawa ya jua ambayo madini hayainyonyi, na vyote viwili vinapatikana kwa gharama ambayo, kwa bidhaa inayouzwa kwa kilo, mara nyingi huzidi faida inayoletwa na asilimia tano ya udongo.